Mke Mwenza wa Bibi Mwanamkasi

Abdala bin Mwinshehe alikuwa na mke tangu siku aliyozaliwa, na mke mwenyewe alikuwa bibi yake mzaa baba. Msicheke bado. Kwetu pwani mnajua ilivyo: bibi akipata mjukuu wa kiume humwita "mume wangu", humwekea minofu, humfanyia wivu, na mtoto akikua akaota ndevu utani wenyewe hupungua makali. Kwa Bibi Mwanamkasi haukupungua. Abdala alikuwa ametimiza miaka ishirini na mitano, ndevu anazo, kazi anayo ya kuzunguka mashamba ya watu kununua matunda na kuyapeleka Dar es Salaam kwa lori, na bado akichelewa kurudi jioni alimkuta bibi kizingitini anamwuliza huyo mwanamke mwingine anapika nini asichoweza kupika yeye.

Mama yake Abdala alifariki angali mchanga, na ni huyo bibi aliyembeba, akamlea, akampeleka chuoni kusoma Kurani. Kwa hiyo neno lake lilikuwa zito. Katika ukoo ule walikuwamo baba wadogo wenye masharubu na mashangazi wenye sauti za kutisha, lakini posa isiyopita mkononi kwa Bibi Mwanamkasi haikuwa posa.

Mwisho wa mwaka 1953, mananasi yamejaa na maembe yameanza kudondoka, alitangaza mbele ya watu kwamba safari ijayo ya matunda naye atakwenda.

"Kununua nini, Bibi?" Abdala aliuliza.

"Matunda utanunua wewe. Mimi nimechoka kukufulia peke yangu. Nakwenda kutafuta mke mwenza."

Watu walicheka. Abdala hakucheka, kwa sababu mke alikuwa amekwisha mpata, yuko Mbegani, kando ya barabara ya kwenda Dar es Salaam, anauza matunda ya shamba lao. Jina lake Mwajabu. Na Mwajabu, masikini, alikuwa na kasoro mbili ambazo Abdala alizihesabu usiku na mchana: alikuwa na ulimi, na baba yake alikuwa mgema.

Nianze na ulimi, maana ndio uliomnasa. Siku ya kwanza Abdala alisimamisha lori akaanza kuchambua ndimu kwenye genge la Mwajabu, anaminya hii, anaacha hii. Mwajabu alimtazama, akamtazama tena, kisha akampiga kofi jepesi la mkononi. "Kaka, unanunua au unazikanda? Hizo si miguu ya mgonjwa." Abdala akainua macho akakutana na macho yale makubwa yenye wanja, na kicheko ambacho bado hakijashuka mdomoni, na basi, akawa amekwisha. Alinunua kikapu kizima cha ndimu. Dar es Salaam hakuna aliyemwagiza ndimu.

Tangu siku hiyo lori lilikuwa likiharibika Mbegani kila safari. Msabaha, dereva, alikuwa fundi wa kufungua boneti na kukuna kichwa huku injini ni nzima kabisa.

Huo ulimi Abdala aliupenda yeye. Aliogopa bibi yake asingeupenda. Na ugema ndio uliomnyima usingizi. Babu yake, marehemu mume wa kweli wa Bibi Mwanamkasi, alikuwa mwalimu wa chuo, Bagamoyo nzima ilisoma juzuu kwake, na Abdala alimsikia bibi kwa masikio yake, kwenye harusi ya jirani, akisema kwamba nyumba ya mwalimu haiwezi kuoa kwa mgema wa tembo.

Kwa hiyo alikwenda Mbegani mapema wiki ile akampa Mwajabu maelekezo.

"Bibi yangu akija, wewe mkubalie kila kitu. Sema hewala bibi, basi."

"Kila kitu?"

"Kila kitu."

"Akiniambia mapapai yangu mabovu?"

"Hewala bibi."

"Akinitukana?"

"Hatakutukana."

"Hujajibu."

"Hewala bibi," Abdala alisema kwa sauti yake ile ya chini. Abdala hakupata kupaza sauti maishani mwake. Hata mnadani alikuwa akinong'ona. "Na jambo moja tena. Baba yako… siku hiyo… kama angekuwa mbali kidogo. Asionekane kwanza. Mpaka bibi akupende wewe."

Mwajabu alikuwa akipanga maembe, na aliendelea kuyapanga, lakini taratibu sana.

"Asionekane," alisema.

"Siku moja tu, Mwajabu. Nakuomba. Nisipokuoa wewe sijui nitafanya nini."

Alimpenda, ndiyo maana alikubali. Wanawake wengi wamekubali mambo ya kijinga kwa sababu hiyo hiyo, mimi simlaumu.

Basi siku ikafika. Alfajiri walitoka Bagamoyo mjini wakaelekea bara kwanza, Fukayosi, kwa mananasi. Bibi Mwanamkasi alikaa katikati ya kiti, kanga mbili mpya, udi umemjaa mpaka Msabaha anapiga chafya, Abdala dirishani.

Kwa Mzee Dadi wa Fukayosi walipokelewa vizuri. Familia nzima ilikuwa shambani, mananasi yamepangwa kwenye majani, na binti yao Tabia akaletwa amtembeze mgeni. Mtoto mzuri yule Tabia, sura ya kupendeza, macho chini.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Unamwona kijana yule anayehesabu mananasi? Ni mume wangu. Natafuta mke mwenza. Utaweza kukaa na mimi?"

"Ndiyo bibi."

"Mimi mkorofi."

"Hewala bibi."

"Nikikupiga na mchi je?"

"Hewala bibi," Tabia alisema, na macho yakazidi kwenda chini.

Bibi Mwanamkasi alishukuru, akaomba dua, akapewa nanasi zuri la zawadi, akarudi kwenye lori. Walipokwisha kuvuka kijiji Abdala aliona kheri aulize.

"Vipi Bibi, umempenda?"

"Mtoto ana adabu zake. Mungu ampe mume mwema."

"Si ndiye unayemtaka? Mwenye adabu?"

"Nani kakwambia?" Bibi alimgeukia. "Abdala, tangu babu yako amefariki nani ananijibu katika nyumba ile? Nyote mnaniogopa. Nikisema neno linaanguka chini, hakuna wa kuliokota. Babu yako alikuwa mwalimu wa watu, lakini tukifunga mlango alikuwa ananibishia mpaka mchuzi unapoa. Mimi sitafuti mtumwa. Mke mwenza ni mtu wa kugombana naye. Huyu wa hewala hewala nitakaa naye nife kwa upweke?"

Msabaha alikohoa. Yeye maelekezo ya Mbegani aliyasikia yote, kichwa kikiwa ndani ya boneti.

Abdala alitazama mashamba yanavyorudi nyuma. Yaani alikuwa amechukua kitu kile kile bibi yake anachokitafuta, akakifunga kamba mdomoni kwa mikono yake mwenyewe.

Njiani walisimama kwenye magenge mengine mawili ya matunda. Kwenye la kwanza Bibi alijaribu tena na kupata hewala. Kwenye la pili aliambulia binti aliyekimbilia ndani akalia. Walipopita tena Bagamoyo na kushika njia ya Mbegani, alikuwa amekwisha choka na kukasirika, anasema wasichana wa siku hizi hawana chumvi. Abdala aliomba kimoyomoyo lori liharibike kweli. Lori siku hiyo lilikwenda kama limepewa asali.

Mwajabu alikuwa amejitengeneza. Genge lilikuwa limefagiwa na kumwagiwa maji, fenesi limepasuliwa linanukia, maembe dodo huku, mapapai kule, madafu yamekatwa vichwa tayari. Mwenyewe alivaa kanga ya rangi ya hudhurungi, kilemba kidogo, asumini sikioni. Abdala alipomwona alisahau shida zake zote kwa muda wa kufumba na kufumbua, kisha zikarudi zote.

Aliteremka haraka ili amwahi kwa neno moja. Bibi akamshika mkono.

"Unakimbilia wapi, mume wangu? Simama hapa nikuone."

"Shikamoo bibi," Mwajabu alisema, sauti laini kama si yake. "Karibu bibi. Kaa bibi. Umechoka bibi."

"Marahaba. Sijachoka." Bibi alizama kwenye mapapai. Alichukua moja akalibonyeza kwa kidole gumba. Akachukua la pili akalichoma ukucha. Abdala aliona mkono wa Mwajabu unainuka, kisha unarudi mezani.

"Papai hili bovu."

"Hewala bibi."

Abdala, nyuma ya bega la bibi yake, alitikisa kichwa kwa nguvu: usiseme hewala. Mwajabu alimwona. Akadhani anaambiwa adabu yake haijatosha. Akainama zaidi.

"Na hili nalo bovu," Bibi alisema, ukucha ndani.

"Unavyoona wewe bibi ndivyo ilivyo."

Abdala aliinua nyusi zote mbili, akanyoosha kidole kwenye mdomo wake, akaufungua na kuufunga: sema, sema. Mwajabu akavuta ncha ya kanga akaziba mdomo. Msabaha alikwenda nyuma ya lori, na huko alikuwa akifanya nini Mungu ndiye ajuaye, ila lori lilikuwa linatikisika.

"Fenesi nalo limepasuliwa na kipofu?"

"Nimekosa bibi, nisamehe."

"Huyu kijana mume wangu. Natafuta mke mwenza. Lakini mimi mkorofi, nina wivu, na nikikasirika nampa talaka mke mwenza mimi mwenyewe."

"Hewala bibi," Mwajabu alisema kwa taabu, kama mtu anayemeza mwiba wa samaki.

Bibi Mwanamkasi aliweka papai chini. Alimwangalia msichana, akaangalia barabara, akapiga miayo. Abdala alijua miayo ile. Ilimaanisha wanaondoka. Wakiondoka, lori halitasimama Mbegani tena na bibi ndani yake, na nyumbani jina la Mwajabu halitatajwa, na yeye ataozwa mtu ambaye hata kofi la mkononi hataweza kumpiga. Macho yalimwuma. Mwajabu aliyaona, na yake nayo yakajaa machozi.

"Haya, mama, tumeshukuru," Bibi alisema. "Baba yako nani?"

Mwajabu akamtupia Abdala jicho kwanza.

"Rehani, bibi."

"Rehani yupi? Yule mgema?"

"Ndiye, bibi."

"Ahaa." Bibi alijitanda kanga yake vizuri. "Basi hata tusingesumbuka. Mimi nimesema tangu zamani, nyumba ya mwalimu haiingii mtoto wa mgema. Mjukuu wa mwalimu akale chakula cha fedha ya tembo? Twende, Abdala."

"Hewala b…" Mwajabu alianza, na hapo hapo kitu kikakatika. Alizunguka meza ya genge akasimama mbele ya Bibi Mwanamkasi, mikono kiunoni, asumini imemwanguka.

"Hewala bibi, hewala bibi, nimechoka na hewala mimi. Mapapai yangu hayana ubovu. Ubovu wameupata leo kwa ukucha wako, na uliyoyatoboa utayanunua. Fenesi nimelipasua mimi na macho ninayo, tena naona mbali. Na baba yangu usimguse. Baba anapanda mnazi asubuhi na jioni na miguu inamuuma, anateremsha tembo tamu la siku hiyo, halijachacha, la wanawake kuumulia mikate, na linalobaki tunalifanya siki. Mlevi akija hapa anakunywa siki anakwenda zake."

"Wee mtoto…"

"Ngoja, sijamaliza. Dija jirani yako anakuja hapa Ramadhani yote, birika ndani ya kanga kama ameiba kuku, namwuliza la nani, ananiambia la Bibi Mwanamkasi wa Bagamoyo, la mkate wa kumimina. Tangu mimi mdogo anakuja. Watu wanafuturu kwako wanausifu mkate ulivyoumuka. Unaumuka kwa nini, bibi? Kwa tarawehe? Unaumuka kwa jasho la baba yangu. Kama nyumba ya mwalimu haiingii mtoto wa mgema, mbona tembo lake linaingia kila mwaka, tena kwa mlango wa uani?"

Nyuma ya lori Msabaha alikaa chini.

Wanawake watatu waliokuwa wakipita na vikapu vya dagaa wakatua mizigo yao. Abdala alifumba macho, akaanza kusoma kila sura aliyoikumbuka.

Alipoyafumbua, bibi yake alikuwa amekaa juu ya kreti la maembe.

"Nipe dafu," alisema.

Mwajabu alimpa, bado anahema. Bibi alikunywa lote, akafuta mdomo.

"Una ulimi wewe."

"Ninao. Na meno pia."

"Huyu mume wangu anakoroma. Kuku wa jirani wanaamka."

"Anakoroma kwa njaa."

"Njaa? Mimi ndiye niliyemnenepesha."

Mwajabu alimtazama Abdala toka kichwani mpaka miguuni. "Huyu ndiye umemnenepesha? Basi Mungu amrehemu uliyemkondesha."

Mmoja wa wanawake wa dagaa akapiga kigelegele kifupi, akajizuia. Bibi alikuwa amekwisha sogea mbele ya kreti, macho yanang'aa.

"Chumba cha mbele changu."

"Kaa nacho. Mimi nataka jiko."

"Jiko utalipata nikifa."

"Basi tutazika, tukirudi nitapika."

Hapo Bibi Mwanamkasi alicheka. Alicheka akajipiga paja, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na Abdala, aliyekuwa hajamsikia akicheka hivyo tangu babu yake afariki, alihisi roho inamrudi mwilini. Alimtazama Mwajabu kwa furaha isiyo na kificho. Mwajabu hakumtazama.

"Mwanangu," Bibi alisema, akijifuta, "sasa mbona mwanzoni ulikuwa kama maji ya kuoshea mchele?"

"Mwulize mume wako."

Bibi aligeuka.

"Alikuja hapa akanifundisha," Mwajabu alisema, na sauti sasa haikuwa ya utani. "Niseme hewala. Nisiwe mimi. Akasema na baba asionekane. Nimemwondoa baba yangu nyumbani kwake leo, kwa ajili yake. Nimemdanganya aende kwenye minazi ya mbali, mzee wa watu, kwa kuwa mume wako anamwonea haya."

"Abdala," Bibi alisema.

"Bibi, wewe mwenyewe ulisema…"

"Mimi nilisema upuuzi, na ulimi wangu umelipwa hapa barabarani mbele ya watu wa dagaa. Wewe je? Ulisema nini kunijibu? Siku ile harusini ungeniambia Bibi umekosea, si tungebishana, tukamaliza? Ukanyamaza, ukaja kumfunga mdomo mtoto wa watu."

Alihama kwenye kreti akaenda kusimama upande wa Mwajabu. Wakawa wawili, mikono viunoni, wanamtazama. Nawaambieni wanaume, wake wawili wakigombana usiku utalala. Wakipatana, tafuta pa kwenda.

"Mwajabu," sauti iliita.

Ilitoka juu. Wote waliinua vichwa. Kwenye mnazi ule ule uliotia kivuli genge, mguu kwenye kidato cha kupandia, kibuyu kiunoni na kisu chake cha kotama mkononi, alikuwa Mzee Rehani.

"Baba? Si nilikuambia leo uanze na minazi ya kule kisimani?"

"Uliniambia. Tangu umezaliwa hujapata kunichagulia mnazi, nikajiuliza kuna nini. Nikapanda huu." Akakaza kibuyu kiunoni. "Kumbe nilikuwa natakiwa nisionekane."

Alisema bila hasira, na ndiyo maana iliuma. Mwajabu alijifunika uso. Abdala alisogea mpaka shinani mwa mnazi, akainua kichwa, akasema maneno ambayo hakuna aliyeyasikia.

"Sikusikii, kijana. Huku juu kuna upepo."

Siku ile hata jani la mnazi halikutikisika. Lakini mwenye mnazi wake akisema kuna upepo, kuna upepo.

"Shikamoo mzee," Abdala alisema kwa nguvu kidogo.

"Bado."

Abdala akajaza pumzi kifuani. Kisha sauti ambayo Bagamoyo haikuwahi kuisikia ikatoka, kubwa, imepasuka katikati.

"Shikamoo, Mzee Rehani!"

"Marahaba. Endelea."

"Nimekukosea! Niliionea haya kazi yako!"

"Ehe."

"Kazi yako haina aibu! Mwenye aibu mimi! Nakuomba radhi!"

"Hilo limefika. Na lingine? Maana lori hili linaharibika mlangoni kwangu tangu masika, na mimi nalitazama toka juu, boneti wazi, fundi amelala."

"Namtaka Mwajabu!"

"Yupi?" Mzee Rehani alijikuna mguu kwa mguu. "Asubuhi hii nimesikia Mwajabu wawili. Mmoja anasema hewala hewala. Huyo simjui, hakuzaliwa kwangu."

"Huyo simtaki!" Abdala alipiga kelele, na sasa hakujali tena nani anasikia, wala wanawake wa dagaa, wala watu waliokuwa wakitoka majumbani kuuliza kuna nini. "Namtaka huyu wa pili! Huyu mwenye maneno yake! Nampenda tangu siku ya kwanza aliyonisema kwa ajili ya ndimu, na nilikosa akili nikataka kukificha kitu nilichompendea! Mzee, akinikataa sitamlaumu! Lakini nimtake mwingine sitaweza!"

Mzee Rehani alichomeka kotama kiunoni.

"Leteni wazee wenu kwa utaratibu," alisema. "Nitawapokea nikiwa chini. Kama binti mwenyewe anataka."

Watu wote wakamgeukia Mwajabu. Alikuwa amerudi nyuma ya meza yake, anayatenga mapapai yaliyotobolewa, hainui kichwa. Abdala alimwendea. Sauti ilikuwa imemkauka.

"Mwajabu."

"Umemwambia baba," alisema. "Umeiambia Mbegani nzima, na samaki wamesikia. Mimi bado sijaambiwa."

"Nimesema yote."

"Ulikuwa unaongea na mnazi. Mimi niko hapa."

Abdala aliinama juu ya mapapai. Kwa ile sauti yake ya siku zote, ya chini, alimwambia. Sijui alimwambia nini. Bibi Mwanamkasi alijisogeza na kreti lake, akasogea tena, akatega sikio lenye kipuli, akawanyamazisha wanawake wa dagaa kwa mkono, na hakuambulia kitu. Aliona tu Mwajabu anasikiliza, bado amekunja uso, bado amekunja, kisha uso unakunjuka kidogo kidogo, na machozi mawili yakashuka akayafuta kwa mgongo wa mkono. Akamjibu Abdala kwa maneno machache, hayakusikika nayo. Halafu akampiga kofi la mkononi, kwa kuwa Abdala alikuwa ameegemea maembe.

Waliondoka jua limekwisha kuwa kali. Bibi alikuwa amenunua mapapai yote aliyoyatoboa, na mengine matatu mazima. Mzee Rehani alikuwa ameteremka kumuaga, naye Bibi alimwamkia kwa heshima zote, akamwomba radhi kwa sauti ya kusikika, akaongeza kwamba mwezi wa Ramadhani atakuja mwenyewe na birika lake, kwa mlango wa mbele.

Lori lilipopanda barabarani Bibi hakuweza kuvumilia.

"Ulimwambia nini?"

Abdala alitabasamu, akatazama mbele.

"Abdala. Mimi nakuuliza. Ulimwambia nini yule mtoto?"

"Bibi, nisamehe. Amesema nisikwambie."

Msabaha alikaza usukani kwa mikono yote miwili. Kwa miaka ishirini na mitano hapakuwa na neno ambalo bibi aliliuliza mjukuu akamnyima. Bibi Mwanamkasi alimtazama Abdala kwa muda mrefu, uso ule aliouogesha, aliouvusha katika surua na homa zote, na machozi yakamjaa, na akafurahi, akafurahi sana, na ikamwuma hivyo hivyo.

"Haya," alisema. "Basi umeoa. Mimi nimekwisha kuachwa."

"Bibi, usiseme hivyo."

"Nyamaza," alisema, akivuta kanga mpaka machoni. "Niacheni nikae eda yangu."